Barua pepe zako zinaangukia kwenye taka? Tuanze na orodha yako

Wateja wapya wakitupigia, hadithi ni ileile. Mtu kaandika tangazo zuri, kalituma kwa wateja wake wote, kasubiri siku mbili, kimya. Mwishowe anampigia mmoja wao kumuuliza, na yule anaenda kutafuta na kuikuta barua kwenye folda ya taka, imelala na matangazo ya bahati nasibu. Kisha linakuja swali: "Sasa niondoe maneno gani ili zipite?"

Maneno tutayafikia, ila si ya kuanzia. Zamani kidogo swali hilo lilikuwa zito. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alieleza jinsi ya kunasa barua taka kwa kupima kila neno: lipi huonekana zaidi kwenye taka, lipi kwenye barua halali. Ushauri wa kutoandika "BURE" kwa herufi kubwa una uzito wa enzi zile. Siku hizi vichujio vya barua taka bado vinasoma maneno, lakini kuna mambo mawili vinayatazama kwa jicho kali zaidi: je, wewe kweli ndiye unayesema ni wewe? Na watu unaowaandikia hufanya nini wakipata barua yako?

La kwanza ni kazi ya mchana mmoja. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe, uliandikwa mwaka 1982, mtandao ukiwa bado wa watafiti, na haukuwa na njia ya kumthibitisha mtumaji. Ni kama bahasha ya posta: nyuma yake unaandika jina lolote utakalo na itafika tu. Matapeli wakalifurahia sana hilo. Ndiyo maana leo kuna rekodi tatu ambazo mwenye domeni, lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani, anatakiwa kuziweka kwenye DNS yake, yaani daftari la hadharani la taarifa za domeni hiyo.

SPF inataja seva, yaani kompyuta za kusafirisha barua, zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayotiwa kwenye kila barua; seva inayopokea huikagua kwa ufunguo uliouweka hadharani, na barua ikichezewa njiani sahihi inakataa. DMARC ndiyo inayozifunga pamoja: inataka domeni anayoiona msomaji kama mtumaji ilingane na ile iliyothibitishwa na SPF au DKIM, na inaieleza seva ya mpokeaji cha kufanya zisipolingana. Iache ipite, iweke kwenye taka, au ikatae kabisa.

Huduma nyingi za kutuma matangazo zitakupa rekodi hizi unakili na kubandika. Makosa huingia pale pale kwenye kubandika. La kawaida zaidi ni kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya barua za ofisi na nyingine ya huduma ya matangazo. Domeni inaruhusiwa moja tu. Zikiwa mbili, ukaguzi unashindwa, ni kama huna hata moja. Kosa jingine ni la wenye haraka: wanaiwekea DMARC amri ya kukataa siku ya kwanza, halafu wanashangaa ankara hazifiki, kwa sababu mfumo wa ankara hawakuukumbuka. Anza na ile hali ya kuangalia tu, soma ripoti kwa wiki kadhaa, ndipo ukaze.

Na kama bado unatuma matangazo kwa anwani ya bure ya Gmail au Yahoo kupitia huduma ya mtu wa tatu, acha leo. Yahoo iliamuru tangu Aprili 2014 kwamba barua inayodai kutoka kwake bila kuthibitishwa ikataliwe. Huwezi kuweka rekodi kwenye domeni isiyo yako. Nunua ya kwako.

Februari 2024 Google na Yahoo walikaza kamba. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na rekodi zote tatu, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Wateja wetu wengi hucheka hapo: "Mimi natuma mia tatu tu!" Lakini SPF au DKIM inadaiwa kwa kila mtumaji, mdogo kwa mkubwa, na kiwango cha malalamiko vilevile. Tena hesabu yake inamuumiza zaidi mdogo. Kati ya wapokeaji 300, mmoja tu akibonyeza kitufe cha kuripoti taka, umeshavuka asilimia 0.3. Google wanashauri ubaki chini ya 0.1.

Hapo ndipo tunapofika kwenye orodha, na hapo ndipo simu huwa ndefu.

Orodha nyingi tunazoletewa zimejikusanya zenyewe. Wapo walionunua mara moja miaka minne iliyopita. Zipo kadi zilizookotwa kwenye maonyesho ya biashara. Kuna anwani za mfanyakazi aliyehamia kampuni nyingine. Na mara kwa mara, tukiuliza kwa upole, inajulikana kwamba sehemu yake ilinunuliwa. Orodha ya kununua hatuigusi. Si kwa sababu ya maadili tu. Ndani yake hujificha anwani za mtego, ambazo hazijawahi kuwa na mwenyewe na zimewekwa mtandaoni ili kuwanasa wanaokusanya anwani ovyo. Mitego mingine ni anwani za kweli zilizokufa zamani, kisha zikafufuliwa kwa kazi hiyohiyo. Ukiziandikia, unaweza kujikuta kwenye orodha nyeusi za mashirika kama Spamhaus, ambalo limekuwa likifuatilia watuma taka tangu 1998, na kutoka humo si kazi ya siku moja.

Hata orodha halali huchakaa. Barua ikirudi na msimbo wa 550 kwamba anwani haipo, ifute mara hiyohiyo, usiijaribu tena mwezi ujao "labda itakubali". Misimbo inayoanza na 4 ni ya shida za muda. Hizo zinaweza kusubiri. Wagumu ni wale ambao anwani zao zinafanya kazi ila wao hawashughuliki nawe tena. Waandikie mara moja, waulize wazi kama bado wanataka kusikia kutoka kwako, na asiyejibu umtoe. Mteja wetu mmoja alilipinga jambo hili kwa miezi. "Hawa watu nimewahangaikia miaka," alisema, na tulimwelewa, kwa sababu kufuta majina kunauma kama kutupa mali. Ila kila barua wanayoipuuza inakifundisha kichujio kwamba barua zako hazina mtu, na wanaoadhibiwa ni wale wateja ambao wangenunua.

Utawajuaje walionyamaza? Usitegemee idadi ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple ina kinga ya faragha inayopakua picha zote kabla msomaji hajaigusa barua, kwa hiyo takwimu zako zinaonyesha imefunguliwa hata kama mtu alikuwa amelala. Tazama waliobofya kiungo, waliojibu, walionunua.

Kiungo cha kujiondoa nacho kiache kionekane. Tumeona kilichoandikwa kwa kijivu juu ya kijivu, na kingine kilichomtaka mtu aingize nywila kwanza, kana kwamba anafunga akaunti ya benki. Anayetaka kuondoka ataondoka. Usipomfungulia mlango atabonyeza kitufe cha kuripoti taka, na hicho ndicho kinachokugharimu. Akishaomba, mtoe ndani ya siku 2. Ndivyo Google na Yahoo wanavyodai kwa watumaji wakubwa, na hatuoni sababu ya mdogo kuchelewa zaidi.

Domeni ikiwa mpya, usiwaandikie wote siku ya kwanza. Seva hazikujui, na mgeni anayeanza kwa kupiga kelele hushukiwa. Anza na walionunua karibuni, wachache, uongeze wiki hadi wiki.

Na maneno? Haya, kwa kifupi. Usitume picha moja kubwa bila maandishi. Usifupishe viungo kwa huduma za umma, kwa kuwa matapeli nao wanazitumia. Usianze kichwa cha habari na "RE:" wakati hakuna mazungumzo yaliyotangulia. Gmail huikata barua inayozidi KB 102, na kinachomezwa mara nyingi ni kile kiungo cha kujiondoa pale chini. Tumia anwani inayoweza kujibiwa. Halafu, kuangukia kwenye kichupo cha matangazo cha Gmail si kuangukia kwenye taka, hapo upo pazuri, usipoteze usiku kupigana nacho.

Ukitaka tukuangalizie, usitusambazie tu ile barua iliyopotea. Ikisambazwa, taarifa za njia iliyopitia hubadilika. Mwombe mteja aliyeikuta kwenye taka aipakue kama faili ya eml, yaani barua nzima na taarifa zake za njia, akutumie, nawe utuambatishie. Pamoja nayo tuandikie mistari miwili ukieleza orodha yako ilipatikanaje. Kweli kabisa, hata kama sehemu yake uliinunua.