Mwalimu wa michezo naye ni mwalimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniumiza kila yanapokaribia mashindano ya michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na za sekondari (UMISSETA) hapa Moshi. Mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache huitwa ofisini, hukabidhiwa filimbi na mipira miwili, kisha huambiwa aandae timu kwa majuma matatu. Mashindano yakiisha, filimbi hurudi kabatini na michezo husahauliwa hadi mwakani. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka 30, na filimbi hiyo nimeipokea mara nyingi.

Ningependa wakubwa wetu wa elimu wayatafakari maisha ya Amos Alonzo Stagg, kocha Mmarekani aliyezaliwa West Orange, New Jersey, mwaka 1862. Mchezo aliojulikana nao si huu wetu wa miguu, bali ule wa Kimarekani wa mpira wenye umbo la yai, ambao wachezaji wake hukabana mwili kwa mwili. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Yale alikusudia kuwa mchungaji wa kanisa, lakini alijiona hana kipaji cha kuhubiri, akaamua kwamba atawalea vijana kwa njia ya uwanja. Alikuwa pia mrushaji hodari wa besiboli, na timu za kulipwa zilipomtaka alizikataa.

Mwaka 1892 Rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, William Rainey Harper, alimwajiri, na hapa ndipo lilipo jambo langu. Harper hakumchukua Stagg kama kibarua wa msimu. Alimpa cheo cha mwalimu wa chuo na idara ya kuisimamia, pamoja na ajira ya kudumu kama ya wahadhiri wengine. Kwa sababu hiyo Stagg alikaa Chicago misimu 41, akawa na muda wa kujaribu mbinu, kukosea na kusahihisha. Novemba 1905 vijana wake waliifunga Michigan 2–0, timu ambayo ilikuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa. Ushindi wa namna ile hauandaliwi kwa majuma matatu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa hatari. Msimu huo huo wa 1905 vijana kadhaa walipoteza maisha viwanjani, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita viongozi wa vyuo kuzungumzia usalama. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, ikaruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono ili wachezaji wasiendelee kurundikana mahali pamoja, na Stagg alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kamati ya sheria. Hata mpira wa kikapu una alama yake: katika mechi ya kwanza iliyochezwa hadharani, Machi 1892, mjini Springfield alikofundisha kabla ya kwenda Chicago, timu ya walimu ilifungwa 5–1 na wanafunzi, na bao hilo moja la walimu alilifunga yeye.

Sisemi kwamba kila alichofanya kilikuwa sawa. Wapo waliolalamika kwamba wachezaji wa Chicago walipendelewa katika masomo, na lawama hiyo ni nzito kwa mtu aliyejiita mwalimu. Lakini hakuvuta sigara wala kunywa pombe, na aliwataka vijana wake waishi hivyo hivyo.

Alipofikisha miaka 70, mwaka 1932, chuo kilimtaka aache ukocha. Kilimpa kazi nyingine yenye mshahara, isiyo ya uwanjani, akaikataa, akafunga safari na mkewe Stella hadi Stockton, California, kufundisha chuo kidogo kisicho na jina kubwa. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka. Baadaye alimsaidia mwanawe kufundisha huko Pennsylvania, kisha akarudi Stockton, na alipovuka miaka 90 bado alikuwa akiwaelekeza vijana namna ya kuupiga mpira kwa mguu. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102.

Mimi nilistaafu kwa mujibu wa sheria nilipotimiza miaka 60. Mwaka uliopita nilikwenda katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, nikaomba niwafundishe riadha vijana jioni mbili kwa juma bila malipo. Nilijibiwa kwamba mstaafu hana nafasi katika ratiba. Haya yanatokea kaskazini hii hii iliyomtoa Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974!

Naomba maofisa elimu wa Kilimanjaro na Arusha wafanye mambo mawili. Kwanza, mwalimu aliyesomea michezo apewe vipindi vyake mwaka mzima na asihamishiwe somo jingine mashindano yanapoisha. Pili, uwepo utaratibu ulioandikwa wa kuwapokea makocha wastaafu wanaojitolea, wakiwa wamehakikiwa mienendo yao, kwa kuwa wanakabidhiwa watoto wa watu. Ningefurahi kusoma majibu yao katika ukurasa huu huu.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi