Mgonjwa aelezwe kabla ya kudungwa sindano kavu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tiba ya sindano kavu, inayotolewa na baadhi ya wataalamu wa fiziotherapia kwa watu wenye misuli iliyokaza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Arua, Uganda. Kwa miaka 19 nimeinamia mashine kuanzia asubuhi hadi jioni, hata msuli ulio kati ya shingo na bega langu la kulia ukafanya kifundo ambacho kikibonyezwa, maumivu hupanda mpaka kwenye panja. Mwaka jana nilidungwa mara tatu. Kwetu sindano ni dawa, na mgonjwa anayetoka kwa daktari bila kudungwa hujiona hakutibiwa. Kwa hiyo nililala kitandani nikiamini kwamba nawekewa dawa ya maumivu. Hakuna aliyenieleza kuwa sindano ile ni chuma chembamba kisicho na tundu wala dawa, kinachoingizwa katika kifundo chenyewe ili msuli ushtuke, kisha ulegee. Uliposhtuka nilipiga kelele, nikidhani nimechomwa mshipa wa fahamu, na bega lilipoendelea kuuma kwa siku mbili nusura niache matibabu. Kumbe uchungu huo ni wa kawaida.

Siishutumu tiba yenyewe, kwani nilipata nafuu. Daktari Janet Travell, aliyekuwa tabibu wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alivichunguza vifundo hivi kwa miaka mingi na kuvidunga dawa ya ganzi. Mwaka 1979 Karel Lewit wa Chekoslovakia akaandika kwamba mchomo wenyewe, hata bila dawa, huweza kutuliza maumivu. Hata hivyo, nafuu inayothibitishwa na tafiti ni hasa ya muda mfupi, na mgonjwa hana budi kufanya mazoezi na kurekebisha jinsi anavyokaa kazini.

Linalonitia hofu ni hili: chini ya msuli ule wa begani kuna ncha ya pafu. Sindano ikizidi kina, hewa huweza kuvuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na mgonjwa akabanwa pumzi, pengine saa kadhaa baada ya kufika nyumbani. Asiyeambiwa atakunywa chai ya tangawizi na kulala, wakati alipaswa kukimbizwa hospitali.

Kwa hiyo nawaomba wataalamu wamweleze mgonjwa hatari hiyo mapema, kwa Kiswahili, Kilugbara au lugha yoyote anayoielewa, wamuulize kama ana mimba au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wafungue pakiti ya sindano mpya mbele ya macho yake, maana homa ya ini aina ya B ipo miongoni mwetu. Nayo Wizara ya Afya itutangazie waziwazi ni nani anayeruhusiwa kudunga, na kwa mafunzo gani.

Nimebakiza awamu mbili. Safari hii nitauliza yote hayo kabla ya kuvua blauzi.

Fundi cherehani,
Arua