Habari za dawa mpya zisiishie kwenye mmea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu namna habari za dawa mpya zinavyoandikwa. Mara nyingi huja kwa sura moja: mmea umegunduliwa, maji yake yameua vimelea maabara, basi dawa imepatikana. Mimi ni mfamasia, na kila ninaposoma habari ya namna hiyo huona kwamba sehemu kubwa ya safari imerukwa, nayo ni kazi ya wanakemia.

Chukua artemisinini, ambayo leo ndiyo tegemeo la tiba ya malaria. Mmea unaoitoa, artemisia wa jamii ya pakanga, ulitajwa kuwa tiba ya homa katika maandishi ya Kichina ya karne ya 4. Hata hivyo, kikosi cha watafiti kilichoongozwa na Tu Youyou, mwanasayansi wa China, kilipoujaribu mmea huo kwa njia za kuchemsha, matokeo yalikuwa leo mazuri, kesho hafifu. Kilichowakwamua ni etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi za Selsiasi: mwaka 1971 waliitumia kutoa kiini cha majani bila kukipitisha kwenye moto, wakatenga sehemu yenye asidi iliyokuwa na madhara, na kilichobaki kikawamaliza vimelea katika panya walioambukizwa.

Muundo wa molekuli hiyo ulipofumbuliwa, zilionekana atomu mbili za oksijeni zilizoungana mfano wa daraja. Kimelea cha malaria hula himoglobini, yaani protini nyekundu ya damu ya mgonjwa, na katika kuimeng'enya huacha wazi chuma kilichomo; chuma hicho hulivunja lile daraja, zikazaliwa chembe kali zinazokiharibu kimelea kutoka ndani. Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta, kwa hiyo haikufaa kudungwa kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu. Wanakemia waliibadilisha sehemu moja ya molekuli kwa kuiongezea hidrojeni, wakaliacha daraja salama, kisha wakapachika vipande vipya, na hapo ndipo zilipopatikana atemetha inayokubali mafuta na artesuneti ya kudunga kwenye mshipa.

Natamani kila mwandishi wa habari za afya amwone muuguzi akiandaa sindano ya artesuneti. Kichupa kina unga mweupe wa miligramu 60, ambao kwa maji matupu hauyeyuki ipasavyo. Muuguzi hutia kwanza maji ya sodiamu baikaboneti, vipovu vya kaboni dioksidi vikapanda, unga ukageuka chumvi inayoyeyuka, naye akaendelea kutikisa mpaka ukungu wote uishe. Tangu hapo hana muda wa kupoteza, kwa sababu ndani ya maji molekuli huanza kuvunjika, na dawa ikikaa zaidi ya saa moja humwagwa. Kemia yote hiyo hutendeka kando ya kitanda cha mtoto mwenye degedege.

Hata kimiminika cha kuyeyushia dawa kina uzito wake. Mwaka 1937 nchini Marekani, salfanilamidi, dawa iliyokuwa ikitibu watu vizuri, iliyeyushwa katika dietilini glikoli, kimiminika chenye sumu, bila kupimwa usalama wake, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Sisemi haya kuwabeza wenye elimu ya mitishamba, maana bila maandishi yale ya kale huenda hakuna ambaye angeukumbuka mmea ule. Ninachoomba ni kwamba gazeti linapotangaza kuwa mmea fulani umeua vimelea, mwandishi awe ameuliza ni molekuli gani iliyofanya kazi hiyo, kama muundo wake umejulikana, kama itafika panapotakiwa kabla ini halijaivunja, na ni nini kingine kilichomo katika maji hayo ya mmea. Naomba hivyo kwa sababu wapo wagonjwa wanaoacha vidonge na kunywa chai ya majani ya artemisia, ilhali kiasi cha artemisinini hutofautiana kutoka mmea hadi mmea na mara nyingi hakitoshi kumaliza vimelea, wale wanaobaki wakapata nafasi ya kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa tiba ya malaria, na jambo hilo lastahili kuandikwa katika habari ile ile inayousifu mmea.

Wako,
Mfamasia na msomaji wa gazeti lako