Kabla ya kusubiri baluni zirudi, tukupimie mtandao wako

Wiki haipiti bila mtu kutuuliza dukani hapa Kabarnet: "Zile baluni za intaneti zilienda wapi?" Wengi huuliza kwa mzaha wakingoja simu zao zitengenezwe. Lakini mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Bonde la Kerio, kabambe, simu ya vitufe, mkononi, akataka tumwekee "laini ya baluni" ili aache kupanda jiwe kila jioni kumpigia binti yake aliye Nairobi. Tulimpa kiti kwanza, maana jibu lake si la kusimama. Na kwa vile tumelirudia mara nyingi, leo tunaliandika.

Baluni zenyewe, zilizobeba mtandao wa simu angani kama minara inayoelea, hazipo tena. Na hata zingekuwepo, kabambe ya mzee isingezipata.

Kampuni iliyozirusha iliitwa Loon, ya Alphabet, wenye Google. Majaribio yalianza New Zealand mwaka 2013. Mwaka 2017 zilipelekwa Peru baada ya mafuriko, kisha Puerto Rico kimbunga Maria kilipoangusha minara. Kenya ndiko zilikofanya biashara kwa mara ya kwanza. Loon iliungana na Telkom Kenya, na Julai 2020 huduma ikazinduliwa Radad, huku kwetu Baringo. Zilikuwa baluni kama 35, zikihudumia eneo la takriban kilomita za mraba 50,000: Iten, Eldoret, Nakuru, Kericho, Bomet, Narok, Kisii, Kisumu, Kakamega, na sisi katikati.

Kinachowashangaza wateja zaidi ni kwamba hakuna iliyorushwa kutoka Kenya. Zilipandishwa Nevada na Puerto Rico, zikaja zenyewe na upepo.

Zilikujaje bila injini? Huko juu, kilomita 20 hivi, karibu mara mbili ya ndege za abiria, upepo umepangika kwa matabaka, na kila tabaka lina mwelekeo wake. Ndani ya baluni kubwa ya heliamu kulikuwa na mfuko mwingine wa hewa ya kawaida. Pampu ikiingiza hewa, baluni inakuwa nzito na kushuka. Hewa ikitolewa, inapanda. Basi ilikuwa kama abiria kwenye stendi ya Nakuru: huna gari, lakini ukijua matatu ipi inaenda upande wako, unashuka hii na kupanda ile mpaka ufike. Kazi ya kuchagua matatu iliachiwa kompyuta. Ili ibaki juu ya Baringo, baluni ilisukumwa mashariki kidogo, ikabadilisha tabaka, ikarudi magharibi, siku nzima. Paneli za sola zilizoning'inia chini yake ndizo zilizoipa umeme, na baluni moja iliwahi kudumu angani siku 312.

Sasa kwa nini ilifaa kwetu hasa? Hapa inabidi tuseme juu ya vilima, kwa sababu shida ya wateja wetu wengi ni vilima, si umbali. Simama kwenye boma lililo chini ya ukingo wa Tugen saa kumi na mbili jioni. Jua bado halijazama, lakini wewe uko kivulini, kwa kuwa ukingo umelikata. Mnara wa simu uliosimama nyuma ya kilima ni jua la saa kumi na mbili: upo, unawaka, na haukufikii. Baluni iliyo kilomita 40 kutoka kwako, ikiwa kilomita 20 juu, inakaa angani mahali ambapo jua hukaa mnamo saa kumi na nusu alasiri. Saa kumi na nusu bonde lote bado lina mwanga. Hiyo ndiyo siri yake.

Ishara ilitoka kituo cha ardhini cha Telkom, ikapanda kwenye baluni, ikarushwa kutoka baluni hadi baluni, kisha ikashuka moja kwa moja kwenye simu ya mteja bila sahani wala kifaa kingine. Kwenye jaribio moja la Juni 2020, Loon ilipima kasi ya intaneti ya Mbps 18.9 za kupakua. Kwa video ya darasani au ya daktari, hiyo inatosha kabisa.

Lakini ilikuwa 4G tupu. Mzee akiwa na kabambe ya 2G, mtandao wa zamani, baluni ingepita juu ya kichwa chake mara mia na simu isingejua. Ilitaka pia uwe na laini ya Telkom na simu janja, na nyumba isiyozuia ishara. Paa la mabati halibagui: huizuia ya baluni kama linavyoizuia ya mnara. Ungetoka nje vilevile.

Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga, na huduma ya Kenya ikazimwa mwanzoni mwa Machi. Haikuchukua hata mwaka. Sababu waliitoa wenyewe: gharama haikushuka kiasi cha kujenga biashara ya kudumu. Sisi tuliokaa kwenye kaunta hatukushangaa sana. Baluni moja iligharimu makumi ya maelfu ya dola, ikachakaa baada ya miezi michache, na wateja iliokuwa ikiwatafuta ni wale wanaonunua bando la shilingi ishirini.

Teknolojia haikufa yote. Miale ya mwanga iliyobuniwa ili baluni ziongee zenyewe kwa zenyewe iliendelezwa kwa jina la Taara, na imevusha intaneti juu ya mto kati ya Brazzaville na Kinshasa, karibu kilomita tano, bila waya. Mwaka 2025 Zephyr, ndege ya sola isiyo na rubani, iliruka kutoka Laikipia ikakaa angani siku 67. Kwa hiyo anayesema wazo limezikwa anakosea. Ila anayekwambia usubiri, muulize amewahi kukosa wito wa hospitali kwa sababu ya mtandao.

Turudi kwa mzee. Tulimpeleka fundi wetu bomani kwake na simu ya kupimia. Nguvu ya mtandao husomwa kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Kwa 4G, -90 ni raha, -105 ni ya kubahatisha, na ikishuka chini ya -115, yaani -116 na kuendelea, kaa ukijua simu inatafuta hewa. Chini ya bati la sebule ya mzee fundi alisoma -114. Mlangoni, -108. Akapanda ngazi kwenye kona ya paa inayoelekea mwanya kati ya vilima viwili, akasoma -97. Tofauti ya sebule na paa ni 17, na kwa kuwa kila 3 ni maradufu, pale juu ishara ilikuwa na nguvu mara hamsini kuliko kwenye kiti cha mzee. Jiwe lake, alilolipanda miaka yote, lilisoma -99. Mzee alicheka sana: alikuwa amelichagua kwa masikio tu, na hakukosea.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Tuliweka antena ya kuelekeza, ile inayofanana na ya televisheni, kwenye bomba pale konani, ikitazama mwanya. Waya ukashuka hadi ruta ya 4G iliyo ndani. Waya tuliufanya mfupi makusudi, mita sita, kwani waya mrefu hula chote ulichopata juu. Tumeona watu wakivuta mita thelathini wakalaumu antena. Ruta hiyo ina tundu la simu ya mezani, na mzee sasa anapiga akiwa ameketi. Kabambe ameiweka kwa ajili ya redio na tochi.

Tuseme wazi kuhusu busta, vifaa vya kukuza ishara, zile zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa. Hatuzifungi. Kifaa kinachorusha ishara upya lazima kiwe na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kisicho nayo huharibia kijiji kizima mnara wenyewe. Antena na ruta zinampokelea mteja mmoja na kuongea na mnara kama simu ya kawaida, hazimsumbui jirani.

Kuna maboma ambayo tumepima kila kona, hata juu ya mwembe, tukapata kimya. Hapo hatuuzi antena. Tunakwambia ukweli kwamba iliyobaki ni setilaiti, ambayo ina malipo ya kila mwezi na inahitaji umeme, na tunakaa nawe kupiga hesabu kama majirani wanne watano mnaweza kuchangia. Shule moja ilifanya hivyo na zahanati iliyo jirani yake.

Ukitaka tuje, tusaidie kidogo kwanza. Fungua mipangilio ya simu janja, ingia sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona dBm. Soma mahali patatu: unapolala, mlangoni, na pale mnapopandia kupiga simu, maana kila kijiji kina jiwe lake. Andika namba, andika ni laini ya kampuni gani, na kilima kiko upande upi. Kama huna simu janja, mwazime mwalimu au kijana wa bodaboda. Lete karatasi hiyo dukani, tutakwambia hapo hapo kama safari ya fundi ina maana. Ada ya kupima tunaikata kwenye bei ya kazi ukikubali tufunge, na usipokubali, karatasi ya vipimo ni yako, mpelekee fundi yeyote.

Jumatatu ni siku ya soko, tunajaa. Njoo Jumanne.