Flashi iko ndani ya bahasha ya kaki

Zuhura mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Malaba mpakani hatujambo, malori foleni kama ulivyoyaacha, na mama yako anakusalimu. Bahasha atakayokupa dereva ina flashi. Usiitie mkobani pamoja na funguo. Ndimo zilimo imeili zote za ofisi tangu 2009, na kwa nini si tangu 2006 nitakwambia.

Juzi kwenye simu ulisema laptopu mpya ianze upya bila imeili za zamani, "ya zamani ya nini, Baba?" Sikukujibu, nilikuwa na mzigo getini. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa afisa wa forodha ruhusa ya kudai karatasi za mzigo hadi miaka mitano baada ya kuingia nchini. Akikujia hapo Nakawa, Kampala, anataka ankara ya matairi ya mwaka juzi, utamwonyesha laptopu inavyong'aa?

Halafu mwenzio nimeshaungua. Fundi mmoja nilimpa kompyuta aondoe virusi, akaifomati bila kuuliza. Sikujali, nikijua imeili ziko kwenye intaneti. Kumbe tulikuwa tunatumia POP, njia ya zamani ya kupokea imeili, na vile ilivyopangwa, ikishashusha barua kwenye kompyuta inazifuta kule kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni ya imeili. Miaka mitatu ikaenda hivyo. Wewe weka IMAP, njia nyingine ya kupokea, barua zibaki kwenye seva uzisome hata kwenye simu.

Kompyuta ya ofisi bado ni ile ya Windows XP, na barua zilikuwa kwenye Outlook Express, programu ya imeili ya zamani. Thunderbird ya sasa, programu ya imeili utakayotumia wewe, haiyasomi mafaili yake, kwa hiyo nilizunguka. Nilipakia Thunderbird 52, ya mwisho kukubali XP, ikazivuta barua yenyewe, kisha nikanakili kwenye flashi folda nzima ya profaili, ambamo Thunderbird huweka barua zake zote. Usiku mzima huo, na umeme ukakatika mara mbili. Kwako ni kazi ndogo: fungua Thunderbird mpya, chagua kuingiza, ionyeshe folda hiyo.

Kilichonitoa jasho ni anwani na namba za wateja. Nilizitoa kama faili la CSV, orodha ya maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato, nikalifungua kwa Excel nione kama zimekamilika. Namba zote zilizoanza na 0772 zikawa 772. Zile ndefu za 256 zikageuka 2.56772E+11, wateja kumi na mbili wana namba moja! Ningesevu pale, tarakimu zingepotea moja kwa moja. Nikafunga bila kusevu, nikalifungua kwa Notepad, na sifuri zote zilikuwa mahali pake. Basi hilo faili usiliguse kwa Excel kabisa. Liingize Thunderbird lilivyo, na ikikuuliza safu ipi ni jina na ipi ni imeili, tazama vizuri kabla ya kukubali. Mimi mara ya kwanza niliharakisha, kila mtu akaitwa kwa namba yake ya simu.

Majina utakayoyakuta usiyasahihishe. Juma Meli na Juma Bima ni watu wawili, wote wa Mombasa, na ukimtumia mmoja habari za mwenzake utasikia maneno. "Usimkopeshe" ni jina la mteja. Anajua mwenyewe.

Ukimaliza, hesabu. Kikasha cha zilizoingia kina barua 11,482, zilizotumwa 7,306. Nimekuandikia pia nyuma ya bahasha. Hesabu ikilingana bado usishangilie. Tafuta barua ya 2011 yenye kiambatisho, ukifungue hicho kiambatisho mpaka uone muhuri. Kisha nakili flashi yote kwenye diski nyingine, uiweke nyumbani, si ofisini.

Kijana wa vyuma chakavu ameshaiulizia kompyuta mara mbili. Nimemwambia asubiri, iko chini ya meza mpaka unipigie.

Baba yako