Mdogo wangu, kabla hujaenda kufundisha ugenini

Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu.

Umeletewa mkataba, na kila anayekupongeza anakuita mmisionari. Kumbuka lakini kwamba unaajiriwa kufundisha. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na mkate wake ulitokana na kushona mahema pamoja na Akila na Prisila. Hema lililoshonwa ovyo huvuja, hata aliyelishona awe mhubiri hodari.

Anza na makaratasi, maana ndiyo yanayokwamisha wengi. Ikiwa nchi utokayo na uendako zote zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961 kuhusu hati za kutumika nje ya nchi, cheti chako cha masomo kwa kawaida kinahitaji tu apostili, yaani uthibitisho mmoja wa serikali kwamba hati ni halali. La sivyo kitapitia wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi uendako. Wengi hukimbilia ubalozini kwanza, wanarudishwa kwa kukosa mihuri inayotangulia. Linganisha majina herufi kwa herufi: jina la ubatizo lililoandikwa kwenye cheti cha chuo lakini halimo kwenye pasi linatosha kusimamisha kibali cha kazi. Kama yanatofautiana, shughulikia hati ya kiapo sasa hivi. Cheti cha polisi usikiombe mapema mno, kwani kwingi hukubalika kwa miezi michache tu.

Usikubali kusafiri kwa viza ya utalii kwa ahadi kwamba ya kazi itapatikana ukifika. Pasi yako nayo isikae kwenye droo ya mwajiri. Akiihitaji kwa siku chache za kushughulikia kibali, akupe risiti yenye tarehe. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kuzuiwa kwa hati za mtu kuwa dalili mojawapo ya kazi ya kulazimishwa.

Kwenye mkataba tafuta idadi ya vipindi kwa wiki, muda wa majaribio, mshahara wa miezi ya likizo, na nani atalipa nauli ya kurudi mkataba ukivunjika. Uliza pia siku za mapumziko. Katika nchi kadhaa za Kiarabu wiki ya kazi huanza Jumapili, na makanisa mengi ya huko husali Ijumaa. Majibu yote yawe ya maandishi.

Darasani, swali la "mmeelewa?" halitakusaidia. Watakuitikia kwa heshima tu, huku lafudhi yako imewapita. Kila baada ya dakika 10 wape swali moja la kujibu kwenye karatasi, upite ukisoma. Muhula wa kwanza andaa theluthi mbili ya somo ulilozoea, kwa sababu maelekezo yanayokula dakika 2 nyumbani yatakula 5 huko.

Kuhusu imani nasema bila kuzunguka: usihubiri darasani. Mwanafunzi hayuko huru kukukatalia, kwa kuwa wewe ndiye unayempa alama. Zipo pia nchi ambako sheria inakataza, na atakayeumia huenda akawa yule mtoto na wazazi wake kuliko wewe. Akikuuliza unaamini nini, mjibu ukweli kwa ufupi, kisha rudini kwenye somo. Usikae na mtoto chumba kimoja mlango umefungwa, wala usimwandikie kwa simu yako binafsi, hata kama ni maombi.

Furaha ya ugeni itakapopoa, pengine mwezi wa tatu au wa nne, utaanza kuchukizwa na vitu vidogo, kulala kupita kiasi, na kushinda kwenye simu na watu wa nyumbani. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliieleza hali hiyo mwaka 1960, akaiita mshtuko wa utamaduni. Usidhani imani yako imepungua. Wakati huo ibada ya nyumbani kupitia intaneti itakuvuta sana. Isikilize, lakini isichukue nafasi ya kusanyiko la huko. Nenda hata kama huelewi lugha, wasaidie kupanga viti, ule nao.

Na fedha: mshahara wa kwanza utamezwa na dhamana ya nyumba na vyombo. Usiahidi kutuma chochote kabla ya mshahara wa tatu, kisha panga kiasi kimoja kisichobadilika kila mwezi. Ndugu wakikubana, waambie mimi ndiye niliyekuzuia.