Maji magumu yanavyoimaliza mashine ya kuosha vyombo

Malalamiko karibu yote huanzia kwenye glasi. Mteja anapiga simu kwamba zinatoka na ukungu mweupe, ameshabadilisha sabuni na hali ni ileile. Sisi tunamuuliza kwanza: birika lako la umeme likoje ndani? Likiwa na magamba meupe, ujue na mashine inayo, tena mahali ambapo jicho halifiki.

Kabla ya kutuita, dondoshea siki kwenye ile glasi na uisugue. Ukungu ukitoka, ni chokaa ya maji magumu. Usipotoka, kioo chenyewe kimelika, jambo linalotokea zaidi kwenye maji laini yakitiwa sabuni nyingi mno. Hapo punguza sabuni, na fundi humhitaji.

Tuseme ni chokaa. Maji magumu yamebeba kalsiamu na magnesiamu nyingi iliyoyeyuka. Kuyanywa hakuna neno. Balaa ni kuyachemsha. Yakipata moto, kalsiamu hujitenga na kuganda kama chokaa, hasa pale penye joto kali kuliko kwingine, yaani kwenye hita. Utando huo haupitishi joto vizuri, kwa hiyo maji yanachelewa kupata moto, mashine inaosha kwa muda mrefu zaidi na umeme unaliwa bure. Hita nayo, joto lake likikosa pa kwenda, hupata moto kupita kiasi hadi ikaungua. Ikifika hapo haitengenezeki, ni kuibadilisha tu. Kihisi cha joto kikifunikwa na chokaa nacho huanza kusoma vibaya, na valvu ya kuingizia maji hushindwa kufunga sawasawa.

Ile mikono inayozunguka ikirusha maji unaweza kuikagua mwenyewe. Ichomoe, uiinue mbele ya taa: kila tundu lipitishe mwanga. Lililoziba lizibue kwa kijiti cha meno.

Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Hadi 60 ni maji laini, zaidi ya 120 ni magumu, na yakivuka 180 ni magumu sana. Vijikaratasi vya kupimia vipo madukani.

Sasa tuje kwenye linalotuuma sisi mafundi. Mashine nyingi zina kinga yake ndani kabisa, na mwenyewe hana habari. Toa rafu ya chini, utaona kifuniko cha kuzungusha sakafuni mwa mashine. Hilo ni tangi la chumvi. Maji yakiingia hupitia kwenye chembe za resini, yaani punje ndogo kama za plastiki, zinazonasa kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Resini ikishiba haishiki tena, na kazi ya chumvi ni kuisafisha ianze upya. Tangi likiwa tupu, maji yanaingia na ugumu wake wote.

Tumia chumvi ya mawe iliyotengenezwa kwa mashine hizi. Ya mezani ni laini mno, huganda na kuziba, na mara nyingi imechanganywa na vitu vingine. Jaza pale tu unapotaka kuosha, kisha iwashe papo hapo, maana chumvi iliyomwagika ikilala humo huleta kutu. Na sabuni isiingie kwenye tangi hilo hata kwa bahati mbaya, itaiua resini. Halafu upange kiwango cha ugumu kwenye mashine kulingana na kipimo chako. Wengi hujaza chumvi, hili wakaliruka.

Chokaa iliyokwisha kuganda huondolewa kwa asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, mashine ikiwa tupu na kwa maji ya moto. Kipimo kifuate maelekezo ya mtengenezaji. Siki pia inafanya kazi, ila ukiizoea itachosha raba. Kamwe usichanganye asidi na dawa yenye klorini, gesi yake ni sumu.

Ukituita, kwanza tunapima maji yako, kisha tunakagua hita, valvu na tangi la chumvi. Kama hita bado nzima, tunaondoa chokaa na kukupangia kiwango. Kama imeshaungua, tutakutajia gharama ya mpya kabla hatujafungua skrubu nyingine.